SOMO LA KAZI ZA MIKONO: BLANKETI LA MTOTO MCHANGA

Miezi ya baridi haiko mbali, na wapo kati yetu wanaotazamia kupata watoto au wajukuu katika miezi hiyo. Kwa hiyo leo tutajifunza kufuma blanketi dogo la mtoto mchanga, la kumpa mzazi kama zawadi. Ni kazi rahisi. Inatumia vitanzi vya aina mbili tu, na mtu aliyeanza kufuma mwaka huu anaweza kuimaliza vizuri.

Kabla ya kushika sindano, inatupasa kueleza jinsi tulivyolipata somo hili, maana hatukulipata chuoni.

Kosa letu

Wengi mnafahamu kwamba tulifundisha kazi za mikono kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu. Baada ya kustaafu, binti mmoja tuliyekuwa tumemfundisha alitujulisha kuwa ni mjamzito. Tulifurahi, tukaamua kumfumia mtoto blanketi. Lakini tulijiuliza, itasemwaje mwalimu mzima akipeleka kitu cha kawaida? Tukachagua mtindo wa majani wenye matundu mengi. Ni mtindo mgumu, na macho yetu si yale ya zamani. Tulifuma, tukakosea, tukafumua. Tulifumua mara tatu. Kila mara tulijipa moyo kwamba siku bado ni nyingi.

Siku hazikuwa nyingi. Mtoto alizaliwa mwezi wa Julai, wiki tano kabla ya wakati wake, usiku wa upepo mkali. Uzito wake haukufika kilo 2 na nusu. Mkunga alimkausha, akamlaza kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa vitenge. Asubuhi tulipokwenda kuwaona tulikwenda na sabuni na sukari. Blanketi lilikuwa bado liko kwenye sindano, halijafika hata nusu.

Tulimkuta pale jirani yake, bibi mmoja ambaye hakuvuka darasa la nne. Naye alikuwa ameleta blanketi. Lilikuwa la nyuzi za mabaki, rangi ya majivu na buluu, lenye miraba iliyoinuka na kubonyea kama mkeka. Lilikuwa tayari limewafunika mama na mtoto.

Letu tulilipeleka mwezi wa Oktoba, wakati wa joto, mvua zikisubiriwa. Yule binti alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama sana, akasema, "Mwalimu, asante. Nitalitunza lisichakae." Akalikunja, akaliweka sandukuni. Mtoto alikuwa amelala juu ya lile la miraba, ambalo sasa lilikuwa limepauka kwa kufuliwa.

Tulirudi nyumbani tukiwaza. Mtoto, kwa rehema za Mungu, alikua, na leo anakwenda shule. Lakini tulifahamu kwamba kazi ile tulikuwa tumeifanya kwa ajili ya macho ya watu, wala si kwa ajili ya mtoto. Ndipo tulipokwenda kwa yule bibi na kumwomba atuonyeshe mtindo wake. Alicheka, akasema, "Mwalimu naye hufundishwa?" Kisha akatuonyesha. Somo hili ni lake, nasi tumelipangia hesabu tu.

Kwa nini mtoto mchanga anahitaji joto

Mkoa wetu wa Singida uko juu, kiasi cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mchana jua hutudanganya, lakini usiku wa Juni na Julai ni baridi, na upepo wetu unajulikana. Wanaokaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, kama kule Kilimatinde, hawahitaji kuambiwa.

Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, na kutetemeka huko humletea joto. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Tena mwili wake ni mdogo, na kichwa ni sehemu kubwa ya mwili huo, kwa hiyo joto lake hutoka upesi. Joto lake la kawaida ni kati ya digrii 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Hulipoteza kwa njia nne: kwa kuwa na majimaji mwilini, kwa kulazwa juu ya kitu cha baridi, kwa kupigwa na upepo, na kwa kuwa karibu na ukuta au kitu kingine cha baridi hata bila kukigusa. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2 na nusu, au kabla ya wiki 37, yumo katika hatari zaidi.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto akaushwe mara tu anapozaliwa, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Njia ya kumweka mtoto mdogo kifuani kwa muda mrefu huitwa njia ya kangaruu. Ilianzishwa na madaktari wa mji wa Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali yao ilipokosa mashine za kutosha za kuwatunzia watoto. Kwa hiyo tusidanganyane: blanketi la kwanza la mtoto ni kifua cha mama yake. Blanketi tunalofuma ni la kuwafunika wote wawili, na la kumfunika mtoto wakati mama anapopumzika.

Nguo iliyofumwa kwa miraba inafaa kwa kazi hii kwa sababu moja. Mahali palipoinuka na palipobonyea hukaa hewa, na hewa iliyotulia huhifadhi joto. Mtindo wa matundu huruhusu hewa ile itoke. Tena kidole cha mtoto huweza kunasa katika tundu. Hayo nayo tulipaswa kuyafikiri mapema.

Vifaa

1. Uzi. Kondoo wetu wengi wa huku wana nywele fupi, siyo sufu ya kusokota, kwa hiyo uzi tutaununua dukani. Ulio mwingi ni ule ambao watu huuita wa nailoni, ingawa mara nyingi ni akriliki. Unafaa, maana unafulika kwa urahisi na hauwashi ngozi. Uchague wa unene wa kati, ule ambao karatasi yake imeandikwa sindano ya milimita 4. Blanketi moja litachukua gramu 300 hivi. Nunua gramu 350 ili usipungukiwe. Nunua wote siku moja, kwa kuwa rangi ya leo na rangi ya mwezi ujao huweza kutofautiana kidogo. Mwenye mabaki ya rangi mbalimbali ayatumie, mradi unene uwe mmoja.

2. Sindano mbili ndefu za kufumia za milimita 4. Katika hesabu ya zamani ya Kiingereza hizo ni namba 8. Angalia sana: katika hesabu hiyo, namba ikizidi kuwa kubwa sindano huzidi kuwa nyembamba.

3. Mkasi, futi ya kupimia, na sindano nene ya kushonea yenye tundu kubwa.

Vitanzi viwili

Wapo wanaoviita kwa majina ya kigeni waliyofundishwa. Sisi tutaviita kitanzi laini na kitanzi cha nundu.

Kitanzi laini: uzi ukae nyuma ya kazi. Ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha, uvute kitanzi kipya kije mbele, kisha achilia kile cha zamani.

Kitanzi cha nundu: uzi uje mbele ya kazi. Ingiza ncha ya sindano ya kulia upande wa mbele wa kitanzi, kutoka kulia kwenda kushoto. Zungusha uzi, usukume kitanzi kipya kiende nyuma, kisha achilia kile cha zamani. Utaona nundu ndogo imekutazama.

Vitanzi hivi viwili ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili. Ulipofuma laini, upande wa pili pana nundu. Ulipofuma nundu, upande wa pili ni laini. Mwenye kulishika neno hili ameshika somo zima.

Kosa la wanaoanza ni kusahau kuhamisha uzi. Unapotoka kwenye laini kwenda kwenye nundu, pitisha uzi katikati ya sindano mbili uje mbele. Unapotoka kwenye nundu kwenda kwenye laini, urudishe nyuma kwa njia iyo hiyo. Ukisahau, uzi utapanda juu ya sindano na kuzaa kitanzi ambacho hukukihesabu.

Kipande cha kujaribia

Anzisha vitanzi 30 na ufume miraba mitatu, laini, nundu, laini, kila mmoja vitanzi 10, kwa mistari 14. Kisha pima. Kila mraba uwe na upana wa sentimita 4 na nusu hivi. Ukiwa mpana kupita hapo, mkono wako umelegea; tumia sindano nyembamba kidogo. Ukiwa mwembamba, umekaza. Tumia nene kidogo. Msiruke hatua hii. Ni jioni moja tu, nayo huokoa majuma.

Kufuma blanketi

Litakuwa na sentimita 73 hivi upana na 75 urefu, nalo lina miraba 15 kwa upana na safu 15 za miraba kwa urefu.

Mwanzo: Anzisha vitanzi 160. Usikaze. Hesabu mara mbili.

Pindo la chini: Fuma mistari 10, yote kwa vitanzi laini. Pindo hili huzuia blanketi lisijikunje.

Safu ya kwanza ya miraba:

Mstari wa 1: Laini 5 za pindo. Kisha laini 10, nundu 10. Rudia hivyo mara 7. Kisha laini 10. Malizia kwa laini 5 za pindo.

Mstari wa 2: Laini 5 za pindo. Kisha nundu 10, laini 10; rudia hivyo mara 7. Kisha nundu 10. Malizia kwa laini 5 za pindo.

Rudia mistari hii miwili mpaka itimie 14.

Safu ya pili ya miraba: Sasa tunabadilisha. Fuma kwanza kama ulivyofuma mstari wa 2, kisha kama mstari wa 1, mpaka itimie 14. Hapo palipokuwa na mraba laini patakaa juu yake mraba wa nundu, na wa nundu utakaliwa na laini.

Endelea kubadilishana hivyo mpaka zitimie safu 15. Safu ya mwisho itafanana na ya kwanza.

Pindo la juu: Mistari 10 ya vitanzi laini, kama mwanzo.

Kufunga: Fuma vitanzi laini 2. Chukua kile cha kwanza kwa ncha ya sindano ya kushoto, ukivushe juu ya cha pili na kukiachilia. Fuma kingine kimoja, vusha tena. Endelea hivyo hadi mwisho. Usikaze hapa pia, la sivyo upande wa juu utajikusanya kama mdomo wa mfuko.

Yule bibi hasomi hesabu hizi. Yeye hutazama tu. Ndani ya safu, vitanzi vya mraba vinavyokutazama vikiwa laini, hufuma laini. Vikikutazama na nundu, hufuma nundu. Vitanzi 5 vya kila ukingo ni laini siku zote. Anapoona mraba umekuwa sawa pande zote nne, hugeuza. Ninyi mfuate karatasi katika safu mbili za kwanza, kisha mjaribu njia yake.

Makosa na dawa yake

Hesabu vitanzi kila mwisho wa safu. Vikiwa 160, endelea. Kama kitanzi kimechomoka, usifumue kazi yote. Kikamate kwa ndoano ya kroshia au hata kwa kibanio cha nywele, ukipandishe ngazi kwa ngazi. Kama nundu moja imekaa pasipo pake, tena iko mbali chini, iache. Mtoto hatahesabu nundu.

Kumalizia

Nyuzi zilizobaki zifichwe ndani ya kazi kwa sindano ya kushonea, kwenda na kurudi, kila mmoja sentimita 5 au zaidi, ndipo ukate. Usiache mafundo wala uzi unaoning'inia. Uzi mmoja uliolegea huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Kwa sababu hiyo pia, usiweke vifungo, shanga wala matamvua.

Lifue kwa sabuni laini kabla ya kulipeleka. Usilisokote kulikamua; likunje ndani ya taulo na kulibana. Likauke likiwa limetandazwa kivulini, maana ukilitundika litavutika. Uzi wa akriliki usipigwe pasi ya moto, kwani miraba italala na haitainuka tena.

Mwelezeni mzazi mambo mawili. Kwanza, uzi wa aina hii huyeyuka na kuungua, kwa hiyo blanketi lisikae karibu na jiko wala kibatari. Pili, blanketi lisimfunike mtoto usoni. Alale chali, na blanketi liishie kifuani.

Hesabu ya siku

Mistari yote ni 230: 210 ya miraba na 20 ya mapindo. Vitanzi vyote ni 36,800. Msiogope. Mwenye mkono wa wastani hufuma vitanzi 20 hivi kwa dakika, yaani mstari mmoja kwa dakika 8. Akifuma mistari 10 kila jioni, atatumia saa moja na dakika 20, naye atamaliza kwa jioni 23. Lakini jioni nyingine kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna kupura mtama au alizeti. Kwa hiyo anzeni mimba inapotimiza miezi sita, mkitegemea kumaliza katika miezi miwili. Hapo hata mtoto akiwahi, atakuta blanketi linamngoja.

Kuipeleka zawadi

Biblia inatuambia katika 1 Samweli 2 kwamba Hana alimtengenezea mwanawe Samweli kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka. Hatuambiwi kama ilikuwa na mapambo. Tunaambiwa kwamba ilifika kila mwaka, nasi tunaweza kuona kwamba mama alipaswa kujua mwanawe amekua kiasi gani.

Ushirika wa akina mama tulio nao katika Kanisa letu nao ulianzia kwa mtoto mchanga. Mary Sumner, mke wa mchungaji huko Old Alresford, Uingereza, aliuanzisha mwaka 1876, baada ya binti yake kujifungua mtoto wake wa kwanza. Aliona kwamba mzazi mpya anahitaji wenzake. Basi unapopeleka blanketi, usiliache mlangoni. Ingia, keti, uliza mama amekula nini, uliza mtoto ananyonya vizuri, tazama kama miguu yake ina joto. Ukikuta mtoto ni wa baridi au hanyonyi, usingoje kesho. Wapelekeni zahanati wakati huo huo, naye awe kifuani pa mama njiani.

Na zaidi ya yote, mwambie mzazi alitumie. Tangu siku ile sisi husema maneno haya tunapotoa: "Hili ni la kazi. Likichakaa tutafuma jingine." Kwa sasa tuna moja kwenye sindano, safu ya tisa. Mwenyewe hajazaliwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Taja njia nne ambazo mtoto mchanga hupoteza joto. Ni ipi inayotokea zaidi katika nyumba zetu?

2. Mstari wa 1 una vitanzi vingapi ukijumlisha mapindo? Onyesha hesabu yako.

3. Ni akina nani katika mtaa wetu wanaotazamia kujifungua kabla ya mwezi wa Agosti? Nani atamfumia nani?

4. Je, kuna kitu ulichopewa ukakifungia sandukuni badala ya kukitumia? Ulikifungia kwa sababu gani?